Photoshop inasema scratch disk imejaa na RAM haitoshi: kabla hujanunua RAM, piga kwanza hesabu ya bango lako

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nafanya dizaini kwenye steshenari moja hapa Morogoro, natumia Photoshop CS6 kwenye laptopu yenye RAM 8GB na Windows 10. Nina bango la sendofu, mita 3 kwa mita 2, jamaa wa printi kasema nimpelekee dpi 300. Nikiweka picha ya bi harusi tu mashine inakuwa nzito, nikiongeza blur inaniambia scratch disks are full, nikifunga nikarudia inasema not enough memory. Diski ya C imebaki GB 6, D ina GB 110 wazi. Fundi kaniambia niongeze RAM ifike 16. Ninunue?" Na akanitumia picha ya skrini, Task Manager ikiwa wazi.

Marahaba mdogo wangu. Usinunue kwanza. Yaani hata kama hela unayo mkononi, iache hapo hapo mpaka umalize kusoma, maana kwa hiyo picha uliyonituma unaweza ukaweka hiyo 16 leo na kesho ukakutana na ujumbe ule ule, neno kwa neno, alafu fundi akuambie sasa ni motherboard.

Tuanze na faili lenyewe kwa sababu hapo ndo kwenye mzizi. Photoshop haijali bango lako ni la mita ngapi, yenyewe inahesabu pikseli, vile vidoti vya rangi vinavyounda picha, na dpi ni idadi ya vidoti hivyo kwenye kila inchi. Mita 3 ni inchi 118.11, mara 300 unapata pikseli 35,433. Mita 2 ni inchi 78.74, mara 300 unapata 23,622. Zidisha hizo mbili, ni kama pikseli milioni 837. Kila pikseli kwenye RGB ya 8 bit inakula baiti 3, kwa hiyo karatasi tupu, nyeupe, hujaweka hata jina la bi harusi, tayari ni zaidi ya baiti bilioni 2.5. Angalia chini kushoto kwenye dirisha la Photoshop pale palipoandikwa Doc, utakuta 2.34G. Ukiwa umeseti CMYK ndo inaruka mpaka 3.12G kwa sababu chaneli zinakuwa 4. Na ukiwa kwenye 16 bit zidisha mara mbili. Kulinganisha tu, kadi ya biashara ya sentimita 9 kwa 5.5 kwa dpi hiyo hiyo 300 ni kama MB 2. Ndo maana kadi zinakwenda vizuri kwenye hiyo hiyo laptopu na wewe unabaki unajiuliza mbona jana ilikuwa nzima.

Na hapo bado leya. Leya inayojaza karatasi nzima inaongeza mzigo karibu sawa na ule wa kwanza, na zaidi kidogo maana leya ina na sehemu ya uwazi. Alafu kuna History, hii watu wengi hawaifikirii kabisa: ukipaka brashi sehemu ndogo Photoshop inahifadhi kile kipande kilichobadilika tu, hainaga shida, ila ukipiga blur picha nzima, au levels, au kuzungusha karatasi, kila kitu kimebadilika kwa hiyo inabidi ihifadhi nakala nzima ya hali ya zamani ili Ctrl+Z ifanye kazi. Ndo kwa nini wewe inagoma kwenye blur na sio kwenye maandishi. Blur tatu mfululizo kwenye hilo faili ni GB 7 na zaidi zimeondoka kimya kimya.

Sasa hizo GB zinakwenda wapi. Chukulia fundi cherehani: meza ndo RAM, kitambaa kikizidi meza anakitandaza chini kwenye mkeka, na mkeka ndo scratch disk. Kazi inaendelea ila anainama na kuinuka, inachelewa. Mkeka nao ukijaa, basi, hana pa kuweka kitu, anasimama. Kwa hiyo ujumbe wa scratch disks are full hausemi RAM yako ni ndogo, unasema nafasi kwenye diski imeisha, na wewe mwenyewe umeniambia C imebaki GB 6. Na Photoshop usipoiambia kitu inatumia ile diski yenye Windows, yaani C hiyo hiyo. Faili la GB 2.34, leya mbili, blur moja, GB 6 zimekwisha. Hakuna muujiza hapo.

Ule ujumbe wa pili wa RAM ni kesi nyingine kabisa na jibu lake lipo kwenye picha yako. Kuza uone, pembeni ya jina la Photoshop kwenye Task Manager pameandikwa 32 bit. Programu ya 32 bit inaweza kuhesabu anwani za kumbukumbu mpaka GB 4 basi, ni hesabu ya 2 kwa kipeo cha 32, na kiuhalisia Photoshop ya namna hiyo inaishia GB 3 na kitu. Uweke RAM 16, uweke 64, yenyewe itashika GB 3 na kitu, zilizobaki zitakuwa pambo. Sasa una faili la 2.34G kabla ya leya kwenye programu isiyovuka GB 3 na kitu, hapo unategemea nini?

CS6 ya mwaka 2012 ikiwekwa vizuri kwenye Windows ya 64 bit inaweka Photoshop mbili, moja ya 32 na nyingine ya 64, na kwenye Start menyu unaona majina mawili, moja lina maneno 64 Bit mwishoni. Watu wanashika lile la kwanza wanalolikuta, wanaliweka kwenye taskbar, wanafanya nalo kazi miaka. Tafuta lile la 64 Bit, fungua hilo, lile jingine litoe hata kwenye desktop lisikuchanganye. Kuhakikisha, nenda Edit, Preferences, Performance, utaona sehemu imeandikwa Available RAM: kwenye 32 bit ilikuwa inakuambia MB elfu tatu na kitu, kwenye 64 bit na RAM yako ya 8 itasoma kubwa zaidi ya hapo kwa mbali. Na kama jina la 64 Bit hulioni kabisa, ni moja kati ya mawili, ama aliyekuwekea alichagua moja tu, ama ni zile portable, zisizohitaji kusakinishwa, zinazozunguka kwenye flashi, ambazo nyingi ni 32 bit na zimenyofolewa vitu ili ziwe nyepesi. Sitaki kuhubiri hapa kuhusu leseni, kila mtu anajua hali yake, ila kwa kazi za mabango hizo portable ni kujitafutia presha. Matoleo mapya haya hayana huo utata, kuanzia Photoshop CC 2019 ile ya 32 bit ilifutwa kabisa, ila matoleo ya sasa yanataka RAM 8GB kama kima cha chini na 16 ndo wanayopendekeza wenyewe Adobe.

Turudi kwenye diski. Kwenye CS6 scratch disk inasetiwa hapo hapo kwenye Performance, matoleo mapya wameitenga ina ukurasa wake unaitwa Scratch Disks. Weka tiki kwenye D, ipandishe iwe ya kwanza kwa ule mshale, na C itoe tiki kabisa mpaka utakapoisafisha, funga Photoshop fungua upya maana mabadiliko hayashiki bila kufungua upya. Ikiwa imejaa kiasi kwamba Photoshop yenyewe haifunguki, inakufa pale pale ikisema could not initialize, shikilia Ctrl na Alt kwa pamoja wakati unaifungua, itakuletea kidirisha cha kuchagua scratch kabla ya kuwaka. Kwenye Mac ni Command na Option. Kuna mtu atakuja kusema C na D ni diski moja imekatwa vipande kwa hiyo haina faida, ni kweli kwa spidi haina faida, ila shida yako sio spidi, shida yako ni nafasi. Na tafadhali usiweke scratch kwenye flashi. Nimeona watu wanafanya hivyo, flashi inapata moto, mashine inaganda, na ikichomoka kwa bahati mbaya kazi yote imekwenda. Labda iwe diski ya nje, SSD au hard disk ya USB 3, hapo sawa.

Alafu C yenyewe kwa nini imejaa? Funga Photoshop, bonyeza Windows na R, andika %temp% uingie. Panga kwa ukubwa. Nina uhakika mkubwa utakuta mafaili yanaanza na Photoshop Temp na namba nyingi mbele, mengine ya GB 5, mengine 10. Hayo ni mikeka ya zamani: Photoshop ikifungwa vizuri inayafuta yenyewe, ila ikikwama ukaiua kwa Task Manager, au umeme ukakatika kwenye mashine isiyo na betri, yanabaki hapo hapo milele hakuna anayeyakumbuka. Futa yote. Photoshop iwe imefungwa lakini, la sivyo utafuta lile inalotumia, au litagoma kufutika.

Ukitoka hapo angalia Recycle Bin, Downloads, video za WhatsApp, na folda ya Windows.old kama uliwahi kupandisha Windows, hiyo itoe kwa Disk Cleanup usiifute kwa mkono. Kuna na hiberfil.sys, faili la kulaza mashine kwa hibernate, kwa RAM ya 8 linaweza kuwa GB 3 hivi. Kama hutumii hibernate fungua Command Prompt kama administrator andika powercfg /h off, linaondoka lenyewe.

Kitu kimoja nakukataza. Kuna video nyingi zinafundisha kuzima pagefile, yaani sehemu ya diski ambayo Windows inaitumia RAM ikizidiwa, ili kompyuta iwe nyepesi, au kuiweka ndogo sana. Kama fundi alishakufanyia hivyo irudishe: Windows na R, andika sysdm.cpl, Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Virtual memory, weka tiki kwenye kuachia Windows isimamie yenyewe. Ukiizima, siku Chrome ina tabo 20 na Photoshop imefunguka, Windows inakosa pa kupumulia na programu yoyote inayoomba kumbukumbu inanyimwa, Photoshop inakuja kukuambia not enough memory wakati kosa sio lake.

Na ile mita ya Memory Usage kwenye Performance, usiisukume mpaka 100. Najua inavutia. Kwa mashine ya 8GB iweke kwenye asilimia 70, au 75 ukiwa umefunga vingine vyote. Ukiipa yote Windows inakosa chakula, inaanza kuhamisha vitu kwenye pagefile, na Photoshop inakuwa nzito kuliko ulivyoikuta. History States weka 20 au hata 10 kwa mabango. Katikati ya kazi ikianza kuwa nzito nenda Edit, Purge, All, inatupa historia na clipboard, ila ujue baada ya hapo Ctrl+Z ya nyuma haipo tena, kwa hiyo sevu kwanza.

Sasa nirudi kwenye dpi 300, maana hapa nina ugomvi na jamaa wa printi. Sio yeye peke yake, karibu kila mtu ukimuuliza atakuambia 300, kwa sababu 300 ndo namba ya kadi, vipeperushi, jarida, kitu unachoshika mkononi na kukisoma karibu na uso. Bango la sendofu linakaa nyuma ya meza kuu, aliye karibu yuko mita 3, wengi wako mita 10. Hakuna jicho la kuona pikseli za dpi 100 kutoka hapo. Mabango makubwa ya barabarani yanachapwa kwa dpi ndogo kuliko hiyo na unapita na gari unaona safi. Wengine watakuambia mashine yetu ni 720 au 1440 kwa hiyo leta kubwa: hiyo ni namba ya matone ya wino mashine inavyoyadondosha, sio namba ya pikseli za picha yako. Muulize swali hivi: kwa ukubwa halisi wa mita 3 kwa 2, mnahitaji dpi ngapi? Ukimuuliza hivyo, wengi wanaojua kazi watakuambia kati ya 72 na 150.

Na hata angeng'ang'ania 300, hizo pikseli unazitoa wapi? Picha ya bi harusi imepigwa na nini? Kama ni simu ya megapikseli 12 ni pikseli 4000 kwa 3000. Uitandaze ijaze bango kwa urefu wa mita 2, zile 3000 ukigawa kwa inchi 78.74 unapata dpi 38 za kweli. Kamera ya megapikseli 24, yaani 6000 kwa 4000, kwenye upana wa mita 3 inakupa kama dpi 50. Hizo nyingine zote mpaka 300 Photoshop inazibuni yenyewe kwa kubashiri rangi za katikati, hakuna kope wala hina mpya inayozaliwa hapo. Kwa hiyo unabeba faili la GB 2.34 ambalo ndani yake ukweli ni megapikseli 12 au 24, nyingine ni hewa. Na hiyo hewa ndo inayojaza diski yako.

Weka 100. Pikseli zinakuwa 11,811 kwa 7,874, kama milioni 93, na Doc itasoma 266M badala ya 2.34G, yaani sehemu moja ya tisa, kwa sababu ukipunguza dpi mara tatu unapunguza upana na urefu kwa pamoja. Sevu nakala kwanza, kisha Image, Image Size, acha Resample na tiki yake, upana na urefu wa sentimita usiguse, badilisha Resolution tu. Kuna dalili moja huenda uliiona ukaipuuza: PSD haikubali kuvuka pikseli 30,000 upande mmoja wala faili kuzidi GB 2, kwa hiyo bango lako la 35,433 lilikuwa halisevu PSD, linataka PSB, ile aina ya faili ya Photoshop ya kazi kubwa. Format ikikukatalia hivyo, yenyewe inakuambia umezidisha.

Angalizo kwenye Smart Object. Ni kitu kizuri sana mimi nakipenda, ila inabeba ndani yake faili zima la asili kama lilivyo. Ukiburuta PSD ya mtu ya MB 800 uliyoitoa mtandaoni ili uchukue ua moja la pembeni, umebeba zote 800, na ukipunguza dpi ya bango lile la ndani halipungui. Maua, mapambo, zile fremu za dhahabu, ukishamaliza kuzipanga bonyeza kulia, Rasterize Layer, zikae kama leya za kawaida. Bi harusi na bwana unaweza kuwaacha Smart Object kwa sababu mteja lazima atarudi kusema mkuze kidogo, hao hawakosi.

Maandishi ndo sehemu pekee ambayo dpi 100 inaweza kukuumbua, hasa yale madogo ya chini, namba za simu na majina ya kamati. Dawa sio kupandisha dpi ya bango zima. Maliza picha kwenye Photoshop, sevu JPEG ya ubora wa juu au TIFF, iingize Illustrator au CorelDRAW, maandishi yaandike huko, toa PDF. Herufi zinabaki vekta, yaani michoro ya mistari isiyotegemea pikseli, zinachapwa kali hata bango liwe la mita 10, na Photoshop inapumua.

Na kwa kuwa nimezitaja hizo, nazo zina mambo yake ila nitapita haraka. Illustrator tatizo kubwa ni picha kuziingiza kwa Embed na vivuli. Tumia Link, picha zibaki nje kwenye folda moja na faili, na kwenye Effect, Document Raster Effects Settings punguza kutoka 300 hadi 72 wakati unafanya kazi, kwa sababu drop shadow na glow zote zinageuzwa pikseli kwa hiyo namba, kivuli kimoja cha mita 3 kwa 300 kinarudisha balaa lile lile. Kwa kutoa PDF pandisha kidogo, 100 au 150. Ikigoma hata kuonyesha, Ctrl+Y inakupa mistari tu, unafuta kivuli kinachosumbua unarudi. Ukumbi ukitaka kitu cha zaidi ya mita 5.7 hivi, artboard ya kawaida inaishia inchi 227, kwa hiyo fanya kwa kipimo cha 1 kwa 10 na uandike kwa herufi kubwa kwenye jina la faili kwamba likuzwe mara 10. CorelDRAW wenzangu wa vibao wanaipenda, kule kinachoua ni PowerClip yenye picha kubwa ndani ya nyingine, na picha iliyopigwa trace ikatoa node maelfu kwa maelfu. Toleo la X6 ndo lilianza kuwa na 64 bit, ukiwa chini ya hapo kikomo ni kile kile. Kwenye Options zake kuna sehemu ya Memory, angalia swap disk nayo isiwe C iliyojaa.

Kuna mitego miwili ya CS6 niitaje kwa sababu utakutana nayo tu. Mmoja ni crop: umechukua picha ndogo ya simu, unakata kipande, inasema scratch disks are full, unashangaa picha ya MB 3 imejazaje diski. Angalia juu kwenye vibox vya crop, mara nyingi umeandika 1080 kwa 1080 ukidhani ni pikseli, kumbe kizio ni sentimita au inchi na resolution ni 300. Sentimita 1080 kwa dpi 300 ni pikseli 127,559 kila upande, hata mimi ningekataa. Futa hizo namba, andika upya ukiweka px baada ya namba. Mwingine ni ujumbe wa ajabu, ukifungua Preferences unakuambia an integer between 96 and 8 is required. Huo ni CS6 kutoielewa vizuri RAM kwenye Windows 10. Unaingia regedit, pale pa kuhariri registry ambako Windows inahifadhi seting zake, HKEY_CURRENT_USER, Software, Adobe, Photoshop, 60.0, unatengeneza DWORD mpya unaiita OverridePhysicalMemoryMB, unachagua Decimal, unaweka 8000 kwa RAM yako ya 8, unafungua upya. Kabla hujagusa chochote humo fanya Export uwe na nakala, registry haina Ctrl+Z.

Haya, RAM mbovu inawezekana? Inawezekana, ila ina tabia yake. RAM mbovu haichagui Photoshop, utaona na Chrome inajifunga, Windows inaleta skrini ya bluu imeandika MEMORY_MANAGEMENT, faili la zip linakataa kufunguka leo kesho linafunguka. Wewe hujaniambia lolote kati ya hayo. Ukitaka kuhakikisha andika mdsched kwenye Start, itarestati na kupima, iache usiku.

Ukishafanya yote hayo, ndo turudi kwa fundi. Kuna kipimo cha kuamua na hakina gharama: pale chini kulikoandikwa Doc kuna kimshale, bonyeza uchague Efficiency. Ikisoma 100% kazi yako yote inatosha kwenye RAM, kununua nyingine hakutakuongezea kitu kwenye faili hilo. Ikishuka chini ya 100 ujue imeanza kutandaza chini, na ikikaa kwenye 70 au 60 muda mwingi wa kazi zako za kila siku, kazi ambazo umeshazipunguza dpi, uko 64 bit na Chrome umeifunga, hapo fundi ana hoja na mimi mwenyewe nitakuambia nunua.

Na ukinunua, kwanza Task Manager, Performance, Memory, soma pale Slots used. Ikiwa 1 of 2, unaongeza kijiti cha 8 tu, huhitaji kuuza hicho cha zamani kama anavyopenda kukuambia. Ikiwa 2 of 2 unabadilisha. Jua kama ni DDR3, DDR3L au DDR4 maana DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3, na DDR3L ni ya volti 1.35 wakati DDR3 ya kawaida ni 1.5, laptopu nyingi zinazotaka L zikipewa ile ya kawaida haziwaki. Kuna laptopu RAM imechomelewa kwenye bodi haiongezeki kabisa, hiyo fungua uone kabla hujatoa hela. Ya mtumba sio mbaya, ila kubaliana na muuzaji una siku chache za kuijaribu, na ipime kwa mdsched siku hiyo hiyo.

Kwa leo fungua ile ya 64 Bit, hamisha scratch kwenda D, shusha hilo bango liwe 100, rudia ile blur iliyokuwa inagoma. Nitumie namba ya Efficiency inavyosoma na picha ya Slots used, nikuambie kama kijiti cha pili kina kazi au hakina.